Yule Mliyemwita Mtu wa Koti

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia, lakini nimeona niitikie mapema, maana siku hizi mnakuja mbio na vipaza sauti, mnamwekea mtu mdomoni kabla ya salamu. Juzi nilipita nje ya mahakama nikienda kununua dawa ya magoti, nikawakuta mmesimamisha vile vyuma vyenu vya miguu mitatu kama mnapima kiwanja. Kijana mmoja akanisogelea: "Mama, wewe ni ndugu wa marehemu au wa mtuhumiwa?" Nikamwambia mimi ni ndugu wa dawa ya magoti. Akanirekodi hivyo hivyo, na jirani yangu anasema alinisikia nikirushwa hewani.

Mimi ni Tatu. Mjini hapa wananiita Bi Tatu wa Magazeti, ingawa gazeti lililokuwa langu ni moja tu. Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za Morogoro zaidi ya nusu ya maisha yangu, nikiandika kesi za kuku, za mipaka ya mashamba, za bangi na za mauaji. Sasa nimestaafu, naishi Mafiga, nafuga kuku ambao hakuna aliyewahi kuniibia. Mliponiita kwenye semina yenu mlinipa dakika kumi, na nusu yake ikaliwa na utambulisho wa wageni. Kwa hiyo naandika hapa yale yaliyobaki tumboni, na mtayasoma mkiwa mmekaa.

Tuanze na huko kukaa kwenyewe. Siku yangu ya kwanza Mahakama Kuu ilipokuja mjini kwetu kwa vikao vya mauaji, niliona viti vitatu vizuri, vya mito, vimepangwa karibu na jaji, na havina mtu. Nikajichagulia cha katikati, nikatoa kalamu. Karani akanijia kwa upole akaniuliza, "Dada, na wewe ni mzee wa baraza?" Nilikuwa binti mdogo, nimevaa sketi ya kuazima. Nikamjibu kwamba mimi ni mwandishi wa habari. Akanionyesha benchi la nyuma, lile lenye msumari, na ndilo nililokalia mpaka nastaafu.

Ninyi wa juzi huenda hamkuwakuta wazee wa baraza kazini, maana sasa jaji anaweza kusikiliza kesi ya mauaji bila wao. Enzi zetu walikuwa lazima. Walikuwa watu wa kawaida, wawili au watatu, wanaume kwa wanawake, na hata mama ambaye bado ananyonyesha aliitwa mzee akishakaa pale. Walisikiliza ushahidi wote pamoja na jaji. Waliruhusiwa kuuliza pale wasipoelewa. Mwisho wa kesi kila mmoja alisimama mbele ya umati akasema maoni yake, kwamba mtu huyu ana hatia au hana. Jaji hakulazimika kuwafuata, lakini akiwaacha ilimpasa aeleze kwa nini. Nasikia kuna nchi ambako watu wa namna hiyo hujifungia chumbani wakaamua kwa siri. Wa kwetu walisema hadharani, kisha jioni wakakutana na shangazi wa mshtakiwa sokoni, wote wanachagua nyanya kwenye fungu moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kondo, aliyeandika habari za mahakama kabla yangu. Alikuwa mfupi, mpenda kahawa, na alikuwa na tabia ya kukusifia jambo baya mpaka ulione mwenyewe. Ukimwonyesha habari uliyoitia chumvi anasema, "Tamu sana hii. Umeipika wewe au shahidi?" Alinifundisha nikae mahali ninapoiona kalamu ya jaji. Majaji wa wakati ule waliandika kila neno kwa mkono, na shahidi akienda mbio aliambiwa, "Subiri, naandika." Basi na mimi niliandika jaji anapoandika. Lakini Kondo alisema jaji akiweka kalamu chini, na wewe weka yako, inua macho, kwa sababu kuna jambo limesemwa. Leo kuna mitambo ya kunasa sauti, nanyi mna simu zinazoandika zenyewe. Sawa. Ila nimewaona mkiwa mahakamani macho yenu yako kwenye hizo simu, kwa hiyo jambo likisemwa mnaambiwa na jirani.

Alinifundisha pia majina, na hili alilijua kwa machungu. Aliwahi kuandika kwamba fulani bin fulani wa Mwembesongo amefungwa kwa wizi wa mabati, akaishia kwenye majina mawili. Mwembesongo hiyo hiyo alikuwapo bwana mwingine mwenye majina hayo, fundi cherehani, mtu wa swala tano, ametoka kuoa. Gazeti lilifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri mama mkwe alishafika kumchukua binti yake na vyombo vyake, huku mume kasimama mlangoni na futi shingoni akiapa kwamba hajafungwa. Kondo alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akashonewa suruali yenye mguu mmoja mfupi. Aliivaa kazini mpaka ikachakaa. Tangu hapo hakuna jina lililotoka mikononi mwake bila la babu, mtaa na kazi ya mtu.

La tatu lilikuwa nyuso. Nilipokuwa mbichi nilipenda kuandika kwamba mshtakiwa "alionekana mkavu", au "hakuonyesha kujuta". Kondo alikuwa anafuta. Siku moja akaniuliza, "Tatu, uso wako unakuwaje mkaa ukiisha na maharage hayajaiva?" Nikamwambia sijui, sijawahi kujiona. Akasema, "Basi usijue na wa mwenzio." Nilicheka siku ile, nikadhani ni mzaha wake wa kawaida. Nilikuja kuelewa kwenye kesi ya Salumu Mkude, na ndiyo niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo, kabla hamjaniwekea wageni wa heshima.

Salumu alikuwa mkulima wa ndizi na mananasi kwenye kijiji kimoja cha juu, ukipandia njia ya Matombo. Jirani yake alikuwa Mzee Juma, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, akapenda baridi ya mlimani, akahamia na mkewe Bi Kalunde. Sasa ninyi mliokulia kwenye maghorofa nawakumbusha. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mchana kweupe, akachukua jembe lako, akakuambia unanuka, nawe huna ruhusa ya kununa. Na siku ya msiba mtani ana kazi. Anachimba kaburi, anachota maji, halafu anafanya vituko. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anajilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Anafanya hivyo ili waliofiwa wacheke, maana mtu akishacheka anaweza kula. Asipokuja, au akija akanyamaza, wenye msiba wanajua amewasusa.

Salumu na Mzee Juma walitaniana miaka nenda rudi, na kisa chao kikubwa kilikuwa koti la mzee, koti zito la kijivu alilovaa mvua na jua. Siku moja ya gulio Salumu akamwambia mbele ya watu, "Wewe mzee wiki hii unakufa, na hilo koti nalivaa mimi." Mzee akamjibu, "Nitakufa nalo, uje ulifukue." Gulio zima likacheka. Jioni walipanda mlima pamoja mpaka njia panda. Asubuhi mzee akakutwa kwenye kivuko cha kijito, kwenye mawe yale yenye utelezi, kichwa kimepasuka.

Salumu alichimba kaburi. Alivaa koti, akachechemea vile alivyochechemea mzee, akajilaza njiani mbele ya jeneza mpaka akapewa jogoo. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Kijana mmoja mgeni alichukua video kwa simu, kipande kifupi tu, koti na kicheko, basi. Baada ya wiki yakaanza maneno kwamba jeraha lile si la kuanguka. Polisi wakasikia habari za gulio, wakasikia nani alionekana na marehemu mara ya mwisho, wakamchukua Salumu.

Hapo ndipo anapoingia Deo. Deo alikuwa mtangazaji wa redio moja ya hapa mjini, jina la redio naliacha. Alikuwa kijana mchangamfu, mzaliwa wa Dar, mwenye sauti ya kukufanya uache chungu kiungue. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, na kwa sababu ya viatu hivyo hakupanda mlima. Kipande cha simu kikamfikia chini huku huku, na jioni akatangaza kwamba muuaji amevaa koti la marehemu na kucheza juu ya kaburi. Kaburi halikuwemo hata kwenye hicho kipande. Siku ya pili akampa jina, Mtu wa Koti, na jina likashika. Watoto wa Mwembesongo wakalifanya mchezo wa kukimbizana. Muuza mitumba mmoja akawa ananadi makoti ya Salumu.

Nilimfuata Deo. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu bado ni mtuhumiwa."

Akasema, "Bi Tatu, hilo neno refu. Redio inataka kitu kinachokaa mdomoni."

"Na marehemu alikuwa mtani wake, hilo nalo halikai mdomoni?"

"Mtani gani anamcheka maiti? Mimi kwetu sijaona."

Sikumchukia. Alikuwa na kimbelembele cha umri wake, na mimi niliyekalia kiti cha mzee wa baraza sina ubavu wa kumcheka sana. Niliandika aya nzuri kuhusu utani nikaipeleka gazetini kwetu. Mhariri akaikata, akasema hayo ni ya mila, hayahusu. Kisha Salumu akafikishwa mahakamani, na baada ya hapo hata mimi mdomo ulifungwa. Kesi ikishakuwa mbele ya jaji huwezi kuandika gazetini kwamba koti maana yake hii au ile. Hiyo ni kazi ya shahidi. Mwandishi akianza kumtetea mshtakiwa nje ya mahakama, anafanya kosa lile lile la Deo, ila amegeuza upande tu.

Salumu alikaa mahabusu miaka, kwa sababu kesi ya mauaji haina dhamana na vikao vilikuwa na foleni. Mananasi yake yakaliwa na nguruwe. Redio nayo, kila habari za mlimani zilipokosekana, ilimkumbuka Mtu wa Koti.

Hatimaye zamu yake ikafika. Asubuhi ile nilikuwa kwa mama lishe nyuma ya mahakama nakunywa chai, akaja kukaa mbele yangu Bi Mwanaidi, muuza mchele wa Mwembesongo, mwanamke mnene, mcheshi, anayejuana na mji mzima. Alikuwa mmoja wa wazee wa baraza wa kikao kile. Akamega chapati yake akasema, "Leo tunaanza na yule Mtu wa Koti." Halafu akaniinamia. "Tatu, wewe Mluguru mwenzake, hebu niambie. Huyu mtu wenu ana akili gani, amuue mzee wa watu halafu avae koti lake acheke?"

Wanangu, niliogopa. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, na mimi nilikuwa na neno moja kinywani ambalo lingempa huyu mama mwanga. Walikuwa watani. Hakuna ambaye angenisikia isipokuwa mpika chapati. Lakini ningemwambia mimi kwa chai, na kesho ndugu wa upande wa pili amwambie lake kwa soda, na mwishowe kesi iamuliwe kwa mama lishe. Nikamwuliza bei ya mchele. Akaniangalia kwa mshangao, akanijibu. Nikaenda kumtafuta wakili wa Salumu, kijana wa suti ya buluu, nikamwambia mzee wa baraza mmoja anamwita mshtakiwa Mtu wa Koti. Akacheka kwa uchovu. "Bi Tatu, nikimkataa huyo, nimlete nani? Mke wangu mwenyewe anamwita hivyo."

Mchana nilimpigia simu Mzee Kondo, aliyekuwa amestaafu, nikamweleza.

"Ukamjibu nini?" akaniuliza.

"Nimemwuliza bei ya mchele."

"Ukanunua?"

"Kilo mbili."

"Vizuri. Ungeondoka bila kununua angejua unaficha kitu." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Inauma, eh? Ni lazima iume."

Mahakamani kuna utaratibu ambao wengi wenu mnaupita kwa sababu mnakuwa bado mnatafuta pa kuchajia simu. Kabla ya ushahidi, mshtakiwa anaonyeshwa wazee wa baraza na kuulizwa kama ana pingamizi na yeyote kati yao. Salumu alisimama kizimbani, amekonda, mikono nyuma. Jaji akamwuliza. Akawatazama wote watatu: mstaafu wa reli kutoka Ngerengere, Bi Mwanaidi, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye miwani.

"Mheshimiwa," akasema, "hawa wote wana redio. Hata sisi mahabusu tunayo. Ukiwatoa hawa utaleta wengine wenye redio, na mimi nitarudi kungoja. Sina pingamizi."

Jaji akaweka kalamu chini. Nami nikaweka yangu. Akawageukia wazee akawauliza kama wamewahi kusikia habari za kesi hii. Mstaafu wa reli akatazama dari. Mwalimu akasema hasikilizi redio za vijana. Bi Mwanaidi akasema, "Nimesikia, mheshimiwa. Nani hajasikia?" Jaji akawaambia, taratibu, kwamba walichokisikia nje wakiache nje, na kila watakachosema mwishoni kiwe kimetoka humu ndani. Bi Mwanaidi akaitikia, lakini nilimwona anamtazama Salumu begani, mahali ambapo koti lingekaa.

Ushahidi ukaja. Wauza gulio wawili wakasema maneno waliyoyasikia, kweli tupu, neno kwa neno. Daktari akasema jeraha linaweza kuwa la rungu, linaweza kuwa la jiwe. Kipande cha simu kikaonyeshwa, na chumba kizima kikakunja uso. Kisha akaitwa Bi Kalunde, mjane, shahidi wa upande wa mashtaka. Aliitwa kulitambua koti tu. Wakili wa serikali akamwuliza kama ni la mumewe. Akaonyesha kiraka alichokishona ndani ya kwapa, akasema ni lenyewe. Akaulizwa kama alimwona mshtakiwa amelivaa siku ya msiba. Akasema alimwona. Alikuwa anafanya nini? Anacheza. Wakili akashukuru, akakaa.

Yule wakili wa suti ya buluu akasimama, akauliza kuhusu mawe ya kijito, kuhusu pombe aliyokunywa marehemu, kuhusu giza. Koti hakuligusa. Mpaka leo tukikutana ananiambia alikuwa amelipangia siku nyingine, nami huwa namwitikia kwa adabu.

Jaji akawageukia wazee wa baraza. Mstaafu wa reli hakuwa na swali. Bi Mwanaidi akajifunga kanga vizuri akasema, "Mheshimiwa, mimi nataka kuelewa jambo la nyumbani. Nguo za mume zinakaa sandukuni kwa mke. Huyu bwana koti alilipataje?"

Bi Kalunde akamgeukia akamwambia, "Nililitoa mimi."

Kalamu ya jaji ikalala mezani. "Kwa nini ulilitoa, mama?"

"Ni mtani wetu, mheshimiwa. Mume wangu alisema akifa koti ni la Salumu, wamelipigania maisha yao yote. Nilimvalisha kwa mikono yangu, nikamfunga vifungo. Mimi nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu maiti aletwe. Salumu alipopita mbele yangu anachechemea, nilimwona mume wangu. Nikacheka. Ndipo nikaweza kula uji."

"Mbona hukuwaambia polisi hivyo?"

"Waliniuliza kama koti ni la mume wangu. Nikasema ndiyo."

Niliinua macho kama nilivyofundishwa. Bi Mwanaidi alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Deo, aliyekaa kando yangu na viatu vyake vyeupe, alikuwa ameacha kuandika. Bi Kalunde akaanza kushuka kwenye kizimba cha mashahidi, akasimama, akamtazama Salumu kuanzia juu mpaka chini. "Mtani, umekwisha hivyo? Sasa litakupwaya." Kisha akamgeukia jaji. "Mkimaliza nalo, mheshimiwa, mpeni mwenyewe." Watu wakacheka, karani akacheka, jaji akainama kutafuta kitu mezani. Na Salumu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatazama sakafu, akacheka pia, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Deo akaninong'oneza, "Bi Tatu, kumbe alimpa yeye."

"Andika basi," nikamwambia.

Siku ya maoni, mstaafu wa reli alisema hana hatia, kwa sababu hakuna aliyeona kitu. Mwalimu alisema ana hatia, maneno ya gulioni yanamsumbua bado, na mimi sikumlaumu, alikuwa anasema lililo moyoni mwake mbele ya watu. Bi Mwanaidi alisimama katikati yao. "Mimi niliingia humu nimeshamfunga," akasema. "Nilimfunga nyumbani kwangu, napepeta mchele, nasikiliza redio. Mheshimiwa, hana hatia." Jaji alisoma hukumu yake baadaye, ndefu, yenye sababu zake, na mwisho wake Salumu aliachiwa huru.

Deo aliandika vizuri siku ile, nampa haki yake. Aliandika mjane, sanduku, vifungo, uji. Wakubwa wake wakachukua sentensi mbili, na juu yake wakaweka kwamba Mtu wa Koti ameachiwa. Kesho yake sokoni watu wakasema amehonga. Kwa hiyo mkiniuliza kama wazee wa baraza walikuwa wa haki au la, nitawaambia walikuwa sisi, na masikio yetu. Yule mama alikaa kwenye kiti chenye mto akalazimika kumtazama mjane usoni na kumwuliza swali. Wa sokoni hawakulazimika.

Mngeweza kuishia hapo, na najua wengine mshaishia, mnatafuta pa kubonyeza. Vumilieni kidogo.

Masika mawili baadaye dada yake Bi Kalunde, bibi aliyekuja kuishi naye baada ya msiba wa kwanza, alifariki. Nikaamua kwenda, maana na mimi ni mtani wao. Deo alinipeleka kwa gari lake. Alikuwa ameshakuwa mkubwa kazini huko Dar, ana tumbo, lakini njia ya mwisho ni ya miguu, na tope la mlima lilivila vile viatu vyeupe mpaka kifundoni. Nilimwambia vimechelewa lakini vimefika.

Salumu alikuwepo. Alikuwa ameshachimba kaburi. Alikaa kwenye msingi wa nyumba, mikono magotini, kimya, kama mgeni wa serikali. Waliofiwa walikuwa wanamtazama, wanangoja. Jeneza likapita, hakujilaza. Tuliporudi kutoka makaburini Bi Kalunde akamfuata pale alipokaa.

"Mtani," akamwambia, "nimekukosea nini? Umenisusa?"

Salumu alielekeza kidevu uani, walikokuwa wamesimama vijana wa mjini, wajukuu, kila mmoja na simu mkononi. Kisha akasema polepole, "Kuna simu, mama."

Bi Kalunde alikuwa hajalia siku ile. Akakaa chini pale pale akalia, na haikuwa kwa ajili ya dada yake peke yake. Mimi nilisimama nikahisi hasira na aibu vinanipanda pamoja. Mahakama ilimrudishia Salumu shamba, jina kwenye karatasi, miguu ya kutembea. Hiki kilichobaki hakuna jaji anayeweza kukirudisha.

Nikachukua beseni la kunawia, nikamwaga maji, nikalifuta. Nikaenda kwa wale vijana nikawaambia, "Simu humu."

"Bibi, hii yangu ni ya kazi," akasema mmoja.

"Hata mimi nilikuwa wa kazi. Weka."

Wakatazamana, wanacheka kwa wasiwasi, hakuna aliyetaka kuanza. Deo akaja na matope yake, akaweka ya kwanza, akatoa na nyingine mfuko wa pili, akaweka. Wengine wakafuata. Nilifunika beseni kwa kanga, nikakaa kwenye mkeka, nikalipakata kama mtoto. Salumu akanitazama mimi, akalitazama beseni. Akanyanyuka. Bi Kalunde akajifuta uso, akatangulia ndani, na nikasikia kifuniko cha sanduku kinafunguliwa.

Salumu alitoka amevaa nini, alitembea vipi, alisema nini kuhusu chumvi aliyokuwa akiitia marehemu kwenye mboga, sitawaandikia. Nitawaambia tu kwamba Deo alicheka mpaka akashika ukuta, na kwamba Bi Kalunde alikula. Beseni lilikuwa linatetemeka mapajani mwangu muda wote, simu zinaita na kuita, mnatafutana huko mjini. Sikufunua kanga.